Shangazi, Nilicheka Shetani Alipotokea

Kwa kawaida mnaniandikia kuhusu mawifi, kodi ya nyumba na wanaume wanaokopa hela ya vocha wasirudishe. Mwezi huu barua karibu zote ni za muvi moja, Longlegs, ile ya Osgood Perkins iliyotoka Marekani Julai 2024 na kusifiwa kuwa hakuna cha kutisha kama hicho kwa miaka mingi. Shangazi nilichelewa. Nimeitazama juzi kwa flashi ya mpangaji wangu, feni imezimwa ili nisikie vizuri. Ambaye hajaiona aweke gazeti pembeni, maana hapa siri hazifichwi.

*Shikamoo Shangazi. Nina mchumba wa miaka miwili. Kabla hatujaingia ukumbini aliniambia nivae sweta kwa kuwa nitatetemeka. Nicolas Cage alipoanza kuimba, nilicheka hadi bisi zikanitokea puani. Watu wakageuka. Tangu Jumamosi mchumba hasemi nami. Anadai mtu wa kucheka pale ana roho ya mawe. Nimwombe radhi? Mcheka Msibani, Tabata.*

Marahaba mwanangu, na pole ya pua. Bisi za chumvi zina adabu mbaya.

Mchumba wako ulikuwa naye kiti cha pili, lakini mlitazama vitu viwili. Wewe ulitazama filamu, yeye alikuwa bado anatazama tangazo. Na tangazo lile, nakiri, Shangazi nalivulia kilemba. Neon, kampuni iliyoisambaza huko Marekani, ilimficha Cage, anayeigiza muuaji, asionekane sura. Ikabandika namba ya simu kwenye bango la Los Angeles. Ukipiga, unasikia sauti ya muuaji inakunong'oneza. Kisha ikatoa kipande kifupi cha mapigo ya moyo ya Maika Monroe, yule dada anayeigiza mpelelezi wa FBI Lee Harker, yaliyorekodiwa siku alipomwona Cage kwa mara ya kwanza akiwa amepodolewa kamili. Kutoka 76 kwa dakika hadi 170! Mimi hufika 170 kila lifti ya jengo letu inapoharibika, na hakuna aliyenitengenezea bango.

Biashara ikajibu. Filamu iliyogharimu chini ya dola milioni 10 ikaingiza zaidi ya milioni 120 duniani. Lakini ukishamwambia mtu kwa miezi kadhaa kwamba kuna uso asioweza kuuvumilia, umekopa. Siku ya kuuonyesha ndiyo siku ya kulipa.

Na mwanzoni Perkins anajua kukopa. Mkumbushe mchumba wako ile sehemu ya kwanza: theluji, nyumba peke yake, picha imebanwa kuwa mraba wenye kona za mviringo kama picha za albamu ya zamani. Mtoto wa kike anatoka nje. Mtu mzima anamsogelea, na kamera inamkata kichwa. Tunaona kidevu, mdomo, nguo nyeupe. Sauti yake nyembamba, ya mtu anayejilazimisha kuwa mpole. Pale Shangazi niliinua miguu nikaikunja juu ya kochi. Sioni aibu kusema.

Halafu wakatuonyesha yote. Uso umeumuka kama andazi lililotolewa kwenye mafuta kabla ya wakati, nywele nyeupe zinaning'inia, mzee yuko peke yake ndani ya gari anapayuka kuwaita mama na baba. Mwanangu, ungefanyaje? Huyu ni Cage, yule yule wa Face/Off tuliyemtazama tukiwa tumebanana kwenye benchi la kibanda umiza. Ni huyo huyo wa The Wicker Man ya 2006, marudio ya filamu ya Waingereza ya 1973, ambamo alimpiga mwanamke ngumi akiwa amevaa vazi la dubu, na hadi leo dunia inaikumbuka kama kichekesho. Cage hana breki. Ndiyo sababu tunampenda, na ndiyo sababu huwezi kumtoa gizani polepole, ukamweka chini ya taa aimbe, halafu ukakataza watu wasicheke.

Sasa ushahidi wa kumpelekea mchumba. Kuna pahali muuaji anaingia duka la vifaa na kumfanyia vituko binti aliye kaunta. Binti hapigi kelele wala hakimbii. Anamtazama kwa uchovu wa mtu anayesubiri zamu iishe, kisha anamwita baba yake kwamba yule mtu wa kinyaa amerudi tena. Basi. Ndani ya filamu yenyewe kuna mtu aliyeona ulichokiona wewe. Perkins mwenyewe amemwandika. Kwa hiyo radhi usiombe. Omba tu samahani kwa aliyekaa mbele yako, kama bisi zilimfikia.

*Shangazi, kwenye kundi letu la WhatsApp nilisema filamu ilinichekesha. Jamaa mmoja akanijibu "hujaielewa", wengine kumi wakaweka vidole gumba. Tangu hapo nikisalimia asubuhi hakuna anayeitikia. Je, kweli sikuielewa? Mpweke wa Nyali.*

Baba, uliielewa, na ndipo taabu ilipoanzia. Hofu haipendi kueleweka. Filamu hii inakwenda vizuri kwa mafumbo: barua za alama zisizosomeka, familia zinazoangamia ndani bila mlango kuvunjwa, mabinti waliozaliwa tarehe 14. Kisha, kwenye robo ya mwisho, mama yake Harker anatuketisha na kutusimulia kila kitu kama hadithi ya kulalia. Wanasesere, mpira wa chuma ndani ya kichwa cha mwanasesere, nani alipeleka, kwa nini. Shetani aliyekuwa anapumua nyuma ya shingo yako anageuka kuwa karani anayesoma muhtasari wa kikao.

Pengine ni urithi. Baba yake Perkins ni Anthony Perkins, Norman Bates wa Psycho ya Hitchcock ya 1960, na mle nako, baada ya vitisho vyote, daktari anasimama mwishoni na kutufafanulia ugonjwa wa mtu kwa dakika kadhaa. Mtoto wa nyoka, wanasema.

Na hao wanasesere! Mama anavaa kitawa, anagonga mlango wa watu asiowajua na kumwingiza mwanasesere wa ukubwa wa mtoto wa darasa la tatu, eti zawadi kutoka kanisani. Watu wanapokea. Shangazi nilisimamisha muvi nikanywa maji. Kwetu mtawa huyo angeulizwa anatoka jumuiya gani, paroko ni nani, barua iko wapi, na mwenyekiti wa mtaa angekuwa amefika kabla mlango haujafungwa. Filamu ingeisha dakika ya kumi.

Kundi hilo lisikuumize. Watu kumi waliokubali kwa kidole gumba, sita hawajaitazama.

*Shikamoo Shangazi. Nilimwekea bibi filamu hii nikidhani atashtuka. Alikaa kimya hadi mwisho, kisha akauliza: "Huyu mzee anaumwa nini, na watoto wake wako wapi?" Alimwonea huruma muuaji! Nina wasiwasi na bibi. Mjukuu, Tanga.*

Marahaba. Bibi hana tatizo. Yeye hakuona trela. Mfikishie shikamoo yangu, na safari ijayo mtafutie Nsyuka au Shumileta za Mussa Banzi, tuone kama atauliza habari za watoto. Mle upodozi wa jini ulikuwa wa mkono na picha ya mkanda ilitetemeka, ila waigizaji waliogopa kweli, na ukiwatazama wanavyokodoa macho unajua wanaijua njia ya kwenda kisimani usiku.

*Shangazi, mimi niliogopa. Kweli kabisa. Wiki mbili sasa nalala na taa, na mdogo wangu ananicheka. Nikisoma watu wanaoiita komedi najiona mjinga. Usitaje mtaa wangu.*

Sitautaja. Mwanangu, nilichosema juu ni changu, wala sikukusudia kukunyang'anya hofu yako. Nami ile sehemu ya theluji bado inanirudia. Jana nilifunga pazia la dirisha la jikoni bila sababu. Labda wewe uliendelea kumwona yule wa mwanzo, aliyekatwa kichwa na kamera, hata walipokuwekea andazi mbele ya macho. Hicho ni kipaji, na Neon wangekulipa kwa tangazo.

Taa iache iwake. Kuhusu mdogo wako, mwambie Shangazi ameagiza hivi: usiku mmoja tu alale peke yake chumba cha wageni, mwanasesere wa dada yenu aketishwe kitini akimtazama, nawe umzimie taa kutoka nje. Asubuhi aniandikie kama alicheka.