Ningekuwa Wewe

Waingereza, mabingwa wa foleni, wamezipanga hata sentensi zao za masharti: kwenye vitabu vya sarufi zina namba, na kuhesabu kunaanzia sifuri. Ukitaka kuota gari la kesho, ota kwa wakati uliopita: "If I had money". Hela hujawahi kuzishika, lakini kitenzi kinaapa ulikuwa nazo jana.

Sisi tumezoea usawa. Ningekuwa na pesa, ningenunua gari: -nge- huku, -nge- kule, hakuna anayenung'unika. Mtoto akiihamishia haki hiyo kwenye Kiingereza na kuandika "If I would have money", peni nyekundu inamwangukia. Mmarekani akisema "If I would have known", tunaiga na lafudhi.

Halafu "If I were you". Umekaririshwa miaka kwamba "I" huenda na "was"; siku ya kutoa ushauri, mtu mmoja anageuka wengi. Huenda ni haki, maana anayeanza hivyo huwa amebeba maoni ya ukoo mzima.

Tusicheke sana, lakini. -Ngali- yetu tumeiachia methali, na mitaani "ningejua" inabebeshwa hata majuto ya mwaka juzi.