Karpu Katika Tangi la Ayeeyo

Ndugu yangu hajawahi kuniletea zawadi isiyotaka kulishwa. Alianza na kobe, akaja na njiwa wa watoto, na safari hii alishuka kwenye lori analofanyia kazi ya utingo akiwa amekumbatia mtungi wa lita ishirini tangu Matuu. "Dada, dawa ya mbu hii," akasema. Ndani mlikuwa na visamaki vitatu vya urefu wa kidole, vikitweta juu ya maji.

Alivinunua kwa vijana wanaovua bwawa la Masinga. Njiani alivitunza kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwake: Garissa aliteremka hadi mto Tana kubadilisha maji, Modogashe akamimina nusu ya maji yake ya kunywa, na kutoka Habaswein akaufunika mtungi kwa gunia bichi jua lisiwapike. Mtu huyu huyu ukimtuma mkate hurudi na kiberiti.

Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Mtu yeyote wa makamo wa Wajir anaikumbuka 1998, mvua za El Niño zilipoacha madimbwi kila mahali na malaria ikaingia nyumba hadi nyumba. Nasi tuna tangi la saruji chini ya ardhi, alilolijenga marehemu baba mkwe, maana maji ya visima vya hapa yana chumvi. Ukitaka chai ya kunyweka, ni uvune ya mvua au ununue ya bauza. Kifuniko chake kimepinda siku nyingi, na tangi la maji lenye kifuniko kilichopinda ni hospitali ya uzazi ya mbu. Kaskazini mwa Somalia, miaka ya 1980, watafiti waliwahi kutia perege kwenye mabirika ya maji ya mvua ili wale viluwiluwi, na wakafaulu. Ndugu yangu alilisikia hilo mahali fulani, akalishika vizuri, kisha akanunua samaki mwingine.

Alinunua karpu. Karpu ni mgeni nchini. Aliletwa zama za ukoloni, akaenea kwenye mabwawa ya Tana ya juu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaibukia Ziwa Naivasha. Huko watu walimlalamikia kwa miba mpaka walipoona kwamba ndiye anayejaza mitumbwi. Akiwa mdogo hula viluwiluwi bila ubishi. Akikua kidogo huinamisha kichwa na kuanza kuchimba chini kutafuta chakula, usiku na mchana. Chini ya tangi letu kulikuwa na tope laini la miaka ambalo sote tulikubaliana kutolizungumzia.

Mama mkwe, ambaye nyumba nzima humwita Ayeeyo kama wanavyomwita wajukuu, amezaliwa katika ufugaji wa ngamia upande wa bwawa la Lorian. Kwa wafugaji wa umri wake samaki ana undugu na nyoka. Aliinama mdomoni mwa tangi, akatazama, akainuka. "Mama watoto, nyoka gani huyu mmemtia kwenye maji ya kutawadhia?" Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Lamu. Nilinyamaza kwa heshima.

Visamaki viwili vilipotea mapema, hatujui vilikokwenda, ingawa paka wa jirani alinenepa. Wa tatu alibaki, akawa kiganja, akawa mkono, na maji yakawa na rangi ya chai kabla hayajafika jikoni. Siku mume wangu alipovaa kanzu yake nyeupe iliyofuliwa kwa maji yale, alimwita ndugu yangu kwa sauti ya upole mno. "Shemeji," akasema, "mtoe."

Wavu haukuwezekana. Mdomo wa tangi ni mwembamba na katikati kuna nguzo. Ukiutupa wavu unavua nguzo. Ikabaki ndoana. Sasa, Wajir ni mji ambao wakoloni, kwa mzaha wao, waliufungulia klabu wakaiita ya mashua, lakini duka la ndoana mimi sijaliona. Baba alituma za kwake kutoka Lamu kwa basi, pamoja na mshipi na chubwi, zote za kuvulia changu na tewa. Ndoana ile ingetosha kutundikia mbuzi. Basi ndugu yangu akachukua sindano ya kushonea magunia, akaichoma kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, akaipinda kwa koleo, akaitumbukiza kwenye kikombe cha maji. Ilitoka ndogo na kali. Kikombe hatukukiona tena mezani.

Chambo cha kwanza kilikuwa ushauri wa baba, aliyetaka pweza au ngisi. Kwa kukosa vyote tukatumia nyirinyiri ya ngamia. Karpu hakugeuka. Mafuta ya nyama yalitanda juu ya maji, na chai ya jioni ile ilinuka ngamia hata Ayeeyo, ambaye ngamia ndio maisha yake, akaisukuma kando. Minyoo tulichimba mchanga mweupe mpaka tukakata tamaa. Dagaa walitoka kwa mwalimu wa hisabati wa nyumba ya pili, mtu wa Homa Bay, na walipokataliwa ndipo mwalimu mwenyewe akaja na kiti chake.

Mwalimu alikuwa na elimu ya karpu ambayo sikuitarajia kwa jirani. Karpu hana meno mdomoni, alitueleza. Meno yake yako kooni. Haumi, hufyonza. Ana ndevu nne pembeni mwa mdomo anazoonjea, na kitu asichokipenda hukitema kabla wewe hujajua alikimeza. Kwa hiyo umpe unga, na unga uwe mtamu. Tulikanda ugali mkavu kwa asali na hiliki, kisha mwalimu akaagiza pamba kidogo ikandwe humo ili donge lisiyeyuke. Ni hila kongwe. Mwingereza mmoja, Izaak Walton, aliyetoa kitabu chake cha uvuvi mwaka 1653, alikuwa akitumia sufu ya kondoo. Pamba yetu ilichomolewa kwenye mto wa ndugu yangu.

Usiku ule tulimulika kwa tochi, na kwa mara ya kwanza nilimwona karpu akifanya kazi. Alikuja polepole kutoka nyuma ya nguzo, magamba yake makubwa yakirudisha mwanga, kichwa chini. Ndevu zikaligusa donge, moja upande huu, moja upande ule. Mdomo ukajitokeza mbele, ukawa mrija, donge likaingia. Likatoka. Likaingia tena, safari hii nusu. Baada ya hapo palibaki sindano tupu ikining'inia na kipande cha pamba, naye akarudi nyuma ya nguzo.

"Kwa hiyo chambo kisikae kwenye ndoana," mwalimu akasema. Hila hii nayo ni ya Uingereza: karibu mwaka 1980, Len Middleton na Kevin Maddocks walivua karpu wenye wasiwasi kwa kuning'iniza chambo kando ya ndoana, kwa unywele. Samaki akifyonza chambo kilicho huru, ndoana huingia nacho, na akitaka kutema inamkamata mdomo wa chini. Walianza na unywele wa mtu kweli. Ndugu yangu alinitazama kichwani. Nilimwambia athubutu. Asubuhi nikakuta kitana changu kisafi kuliko kilivyowahi kuwa, na mume wangu akaniuliza, kwa wasiwasi wa mtu aliyekulia pwani ingawa hakukulia pwani, nani anakusanya nywele za mkewe na kwa kazi gani. Ilibidi ndugu yangu alete unywele wenyewe ukiwa umefungwa punje ya mahindi, aweke mezani, aapishwe. Baadaye ndugu yangu na mwalimu walitumia uzi.

Hata uzi haukusaidia, na lawama zikahamia kwa watoto. Karpu husikia kuliko samaki wengi. Ana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo kishindo juu ya tangi humfikia kama kinavyokufikia wewe uliye chumbani. Watoto wakapigwa marufuku kukimbia uani. Wakatii kwa kutembea kwa vidole wakicheka, jambo lililokuwa na kelele zaidi. Ili kuwatuliza, mwalimu aliwasimulia Richard Walker, aliyevua karpu wa kilo 20 katika bwawa la Redmire mwaka 1952, akampeleka kwenye tangi la bustani ya wanyama ya London, na samaki akaishi humo hadi 1971. Mwanangu mkubwa alifikiri kidogo. "Sasa si sisi tayari tuna tangi?" akauliza. Mwalimu akaongeza, kwa haraka, kwamba samaki yule alivuliwa kwa mkate.

Simu ya baba ndiyo iliyofungua jambo. Nilimsomea orodha yote: nyama, dagaa, ugali wa asali, mahindi, nywele. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. "Ananenepa au anakonda?"

Ananenepa, nikasema.

"Basi kuna anayemlisha. Mtafute huyo, samaki mwache."

Sikulala vizuri. Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia kifuniko kikikwaruza, nikatoka na kanga begani. Ayeeyo alikuwa ameinama na birika la kutawadhia mkono mmoja, na mkono wa pili akinyofoa anjera ya jana vipande vidogo vidogo, akidondosha, akinong'ona Kisomali. Maji yalikuwa yakicheza. Aliponiona hakushtuka. "Kiumbe cha Mungu," akasema, "kiko kwenye maji yangu, kife njaa?" Nyoka alikuwa amesahaulika.

Nikafanya upelelezi wangu. Watoto walikuwa wakitia mahamri, kila mmoja kwa siri, kila mmoja akidhani ni rafiki yake peke yake. Msichana anayetusaidia kazi alikuwa akisuuza sufuria la wali pale pale mdomoni. Na mume wangu, mwenye kanzu, mwenye amri, alipobanwa alikubali pembe za sambusa, "zile ngumu tu". Ndugu yangu naye kila jioni alikuwa akirusha madonge mengi bila ndoana, kwa sababu mwalimu alisema karpu huzoeshwa mahali na saa kabla ya kuvuliwa. Alizoeshwa sana. Alikuwa na meza yake, milo yake na saa zake, na sisi tulikuwa tukimletea sindano katikati ya karamu.

Kifuniko kilifungwa kwa kufuli na ufunguo nikautia mimi kwenye pindo la kanga. Nyumba ikafunga pamoja naye, kwa namna fulani. Watoto walikula wakitazama sakafu. Siku nilipoona ametosha kuwa na njaa, nilimwomba mama mkwe anjera. Moja tu, ya jana, yenye matundu, ile ile aliyoizoea. Alinipa bila kuniangalia. Ndugu yangu akaikunja, akaitunga kwa uzi kando ya sindano, akaishusha kabla ya alfajiri, bila tochi.

Hakuonja. Hakutema. Mshipi ulitoka mkononi mwa ndugu yangu kwa kasi iliyomchana kidole, ukazunguka nguzo, ukakaza. Ndipo vurugu ikaanza: ndugu yangu ameingia tangini na nguo zake, maji yamefika kiunoni, mwalimu anapiga kelele afungue mshipi asivute, mume wangu anashusha ngazi upande usiofaa, Ayeeyo anasoma dua sijui ya nani kati yao. Mwishoni karpu alifunikwa kwa kikoi cha mume wangu, kikoi kizuri, akapandishwa juu akipiga mkia. Alikuwa mrefu kama mkono wangu hadi begani, wa rangi ya shaba, tumbo limejaa.

Tangi lilibidi likaushwe na lisuguliwe, na bauza mbili tulinunua kwa bei ambayo mume wangu hutaja kila anapoagana na ndugu yangu. Samaki alikwenda kwa mwalimu, kwa makubaliano ya wote. Jioni alituletea sahani iliyofunikwa: mchuzi wa nyanya, kipande cha mgongo. Watoto walikataa kugusa. Mume wangu alisema ameshiba. Mimi nilikula kidogo kwa ajili ya Lamu, nikaacha kilichobaki jikoni kwa ajili ya paka.

Asubuhi sahani ilikuwa safi na mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ayeeyo alikuwa akitafuta mswaki.

"Anjera zangu zote zile," akasema, "na bado ni miba mitupu."