Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana ya Wakimbizi

Kunduchi Mtongani,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa Waziri, mlezi wa wageni na mlinzi wa mipaka yetu,

YAH: OMBI LA CHUMBA CHANGU KUTANGAZWA KAMBI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua barua hii itapokewa na msaidizi wa msaidizi wako, naye ataiweka mahali palipotulia pamoja na zile zilizotangulia. Nashukuru: angalau barua zangu zimepata makazi ya kudumu.

Mimi ni mponda kokoto hapa machimboni. Nilivuka Ziwa Tanganyika mgongoni mwa mama mwaka 1996, vita vilipowaka Kivu ya Kusini, tukapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo. Nashukuru sana kwa turubai. Tuliambiwa ni la muda. Muda wenyewe ndio umejaliwa maisha marefu.

Mheshimiwa, wataalamu hutufundisha kwamba mkimbizi ana masuluhisho matatu ya kudumu. La kwanza ni kurudi. Nimekawia kidogo tu, kwa kuwa waasi wa M23 huko kwetu Kongo waliingia Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, nami nikaona si adabu kupiga hodi penye ugomvi. La pili ni kwenda nchi ya tatu. Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi Januari hiyohiyo. Nawashukuru kwa kuniepusha na gharama ya makoti. La tatu ni kubaki hapahapa. Nchi hii ina sifa: Mwalimu Nyerere alipewa Medali ya Nansen, tuzo ya wanaowajali wakimbizi, mwaka 1983, na Warundi zaidi ya 160,000 wa kundi lililokimbilia hapa mwaka 1972 wakakubaliwa uraia, kwa sharti la kuhama makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikojenga. Busara iliyoje, kumpa mtu nchi nzima na kumwondoa kijijini kwake! Baadaye wakaachwa wabaki, na kwa upole huo pia nashukuru.

Shida yangu ni ndogo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inanitaka niishi katika eneo lililotengwa na nisitoke bila kibali. Bahati mbaya, kwangu pameshakuwa hapa. Hapa ndipo ninapodaiwa kodi, ninapokopeshwa vibua, na mtaa ukifiwa naitwa kuchimba kaburi. Hata sahani za Uchina zilizopachikwa kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi zimekaa miaka na miaka, na sijasikia zikiulizwa kibali.

Kwa kuwa siwezi kukihamishia chumba changu Nyarugusu, na kwa kuwa sheria hiyohiyo inakupa uwezo wa kutangaza maeneo, napiga magoti nikiomba ukitangaze chumba hiki, futi kumi kwa kumi, kuwa kambi kamili ya wakimbizi. Kamba ya kizuizi nitanunua mwenyewe. Mwenye nyumba amekubali kuwa mkuu wa kambi, mradi kodi isichelewe. Naahidi sitavuka kizingiti bila ruhusa yako. Ila choo kiko uani, nje ya mipaka ya kambi; hivyo naomba kibali cha kudumu cha safari hiyo au, ikiwa ni usumbufu, afisa wako awe analala mlangoni na muhuri wake.

Natanguliza shukrani, kama kawaida yangu.

Wako mtiifu,
Mkazi mtarajiwa, Kambi ya Chumba Kimoja.