Bukwe, goti na igisura

Ukitaka kujua kwamba Kolwezi ina waganga wengi kuliko wachimbaji, taja goti lako mbele ya watu. Mimi nililitaja matangani, nikarudi nyumbani na dawa za kila aina: mizizi, magome, mafuta ya nyoka ambaye hakuna aliyemwona. Zote nilizikwepa, isipokuwa moja, kwa sababu hiyo haikutoka kwa jirani. Ilitoka kwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Rutshuru. Vita vya kwao vilipomleta kwetu, aliokoa vitu vichache: nguo, Biblia, sufuria, na mizizi ya igisura ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na udongo wake. Asiyefika Kivu haijui igisura. Ina majani yenye meno pembeni na vinywele vyembamba. Ukivigusa, ncha zinakatikia ndani ya ngozi na kumwaga sumu, na papo hapo mkono umejaa vipele. Sisi huku tunao upupu, ambao ukikauka upepo unaurusha na kumwasha hata asiye na hatia. Lakini upupu hakuna mwenye akili anayeupanda ndani ya lupango lake. Igisura imepandwa nyuma ya choo changu, penye mbolea na unyevu, na imestawi kwa kiburi.

Heshima ya bukwe, yaani ya wakwe, mnaijua. Mama mkwe hawezi kunigusa, hawezi kula nami, hata jina langu halitaji. Nikadhani goti liko salama. Kumbe dawa inapita mlangoni: yeye uani, mimi sebuleni, mke wangu katikati na fungu la majani mabichi, mkono ameuvika mfuko wa plastiki.

“Mwambie baba watoto anyooshe mguu.”

“Mama anasema unyooshe mguu.”

“Nimesikia.”

“Mama, anasema amesikia.”

“Basi piga.”

Akapiga. Mwanamke ambaye hajawahi kumchapa hata mtoto! Na kulia sikuweza, maana mwanamume halii bukwe akisikia. Niliuma mto.

Maumivu yalipungua? Sijui. Usiku ule goti liliwasha mno, sikupata nafasi ya kusikia kama linauma. Mpwa wangu anayesomea uuguzi, badala ya kunitetea, akafungua simu: mwaka 2000, huko Plymouth, Uingereza, watafiti walijaribu jambo kama hilo kwa wagonjwa 27 wenye maumivu kwenye shina la kidole gumba, na maumivu yakapungua. Nikamwambia asome mpaka mwisho. Kumbe wale wagonjwa walipewa pia, kwa zamu, jani jingine linalofanana na hilo lakini halichomi, ili kulinganisha. Nami nikaomba zamu yangu ya jani lisilochoma. Ombi likapita mlangoni, likarudi na jibu: kwao halioti.

Kwenye chakula sina ugomvi. Mama mkwe anachuma majani machanga ya juu, anayatumbukiza kwenye maji yanayochemka, na ukali wote unaishia humo. Anayakatakata, anayaunga kwa kitunguu, mawese na karanga za kutwanga. Ukiyapata na bukari ya moto, lengalenga unaisahau, na sombe nayo isijidai. Wakikuyu wa Kenya wanaiita thabai, wanaiponda ndani ya mukimo, na wanajua wanachofanya. Ningeila kila siku kama watu wangeiacha iwe mboga.

Hawaiachi. Jirani wa kushoto anaitaka iongeze damu, wa kulia anaitaka kwa prostati, na mke wa mchungaji aliitaka kwa jambo ambalo hakulitaja, ila alichukua mafungu mawili. Fundi pikipiki akaniambia gorila wa Virunga wanaila, na tazama nguvu zao. Kweli wanaila. Lakini gorila halipi minerval ya shule, wala hali vumbi la malori yanayotoka upande wa mgodi wa Mashamba. Mzee mmoja anayemeza vidonge vya presha alitaka chai yake asubuhi na jioni. Mpwa akamzuia: majani hayo yenyewe yanaweza kushusha presha na kukojoza, ukiyaongeza juu ya vidonge unaweza kuanguka. Mzee akanuna, na aliyenuniwa ni mimi.

Halafu akaja kijana wa biashara. Anaomba mizizi akaipande mtaa wa Kasulo, kwenye udongo uliotoka mashimoni. Kasulo! Tangu kobalti ionekane humo mwaka 2014, watu wamechimba mpaka chini ya vyumba vya kulala, na mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walichapisha kwamba wakazi wake, hasa watoto, wana kobalti nyingi kwenye mkojo. Nikamwambia: dawa ya damu iliyoota humo itawapa wateja wako damu ya kutia kwenye betri. Akaniuliza betri inanunuliwa bei gani.

Faida moja hakuna aliyeitabiri. Wezi wa nyaya walikuwa wanaruka ukuta wa nyuma ya choo. Usiku mmoja tulisikia mtu anatua, anamwita mama yake, kisha anaruka kurudi alikotoka bila ngazi. Tangu siku hiyo kimya.

Nami nikafurahi mapema. Mwenye nyumba alikuja na kaptula kukagua ukuta wake, akapita hukohuko nyuma. Nilitegemea aseme ing’olewe leo hii. Mama mkwe, kupitia mke wangu, akamweleza kwamba ile ni dawa, na kwamba miguu aliyochomwa itakuwa myepesi kesho. Kesho yake akarudi anatembea vizuri, ameshika karatasi. Lupango lenye dawa na mlinzi, anasema, haliwezi kukaa kwa bei ya zamani. Kodi imepanda dola ishirini, garanti inaongezwa, na fungu moja la majani machanga kila Jumamosi limeandikwa kwenye mkataba.