Mashine ya Kupukuchua Mahindi: Mwongozo kwa Wabunifu Wanaotaka Cheti

Umeamua kumkomboa mkulima mdogo kwa mashine nafuu ya kupukuchua mahindi? Hongera. Zingatia haya, na kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane mgeni rasmi hatakupita.

1. Anzia kwenye kompyuta na uishie hapo hapo. Humo magunzi yote yana unene mmoja na mahindi yamekauka. Ya Kongwa, mkoani Dodoma, huweza kuvunwa mapema kwa hofu ya wezi na mifugo, yakaja na unyevu, ngoma ikayapasua. Punje iliyopasuka hukaribisha wadudu na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara, ila jedwali lako la ufanisi halina safu ya vifo.

2. Tumia nati na beringi zisizopatikana. Fundi bodaboda wa kijijini ana spana namba 10, 13 na 14. Hakikisha hakuna inayoingia. Mashine ikifa katikati ya msimu, mkulima naye atapumzika.

3. Ongeza uzito. Mwenye ekari mbili ana kazi ya mashine siku chache tu kwa mwaka, hivyo mashine inayozunguka nyumba kwa nyumba ikitoza kwa gunia ingejilipa yenyewe. Yako isibebeke, ikae ofisi ya kijiji, itunzwe.

4. Funga mota ya fezi tatu. Umeme si umeshafika? Kwamba uliofika ni wa fezi moja, wa taa na kuchaji simu, hilo waachie wenye nguzo.

5. Usiwaulize akina mama. Wao ndio hupukuchua kwa vidole hadi usiku, kwa hiyo watakuambia mdomo wa kumiminia uko juu mno, na mkanda usio na kinga utanasa kanga. Maneno kama hayo huchelewesha uzinduzi.

6. Bei ni ile ya kununulia. Umeme, mikanda na wiki za kungoja kipuri kutoka Dar es Salaam visionekane kwenye hesabu.

Tahadhari: ukipita Kibaigwa, huko huko Kongwa, waweza kukuta mashine yenye sura mbaya, imechomelewa kwa vyuma chakavu, inavutwa na pawatila, na wenye mahindi wamepanga foleni kuisubiri. Usisimame. Ukisimama utauliza, ukiuliza utajibiwa, na michoro yako yote itabidi uichore upya.