Mtutu Uliokwanguliwa

Jumatatu

Muuza mishikaki wa hapa Timbwani, Likoni, aliniita asubuhi. Alikuwa na chuma kirefu kilichotoka kwenye nyumba iliyobomolewa, akaapa ni mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti kwenye gobori. Nikampa shilingi 300. Karakanani nilikisugua kwa msasa, kutu ikatoka, nikaona ni nondo ya kujengea iliyochongwa ncha. Mdeki hauna ncha. Kichwa chake ni butu, kazi yake kusukuma risasi ikae. Nilikirudisha. Alinipa 200 na mishikaki ya mia.

Jumanne

Bunduki yenyewe sina hata moja. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti, na hata ningekipata, Likoni si mahali pa kulaza bunduki ndani. Tangu usiku wa 13 Agosti 1997, kituo cha polisi kilipovamiwa, askari wakauawa na silaha zikachukuliwa, neno "bunduki" hapa hutamkwa kwa sauti ya chini. Kwa hiyo ninachokusanya ni michoro, vipimo na maneno. Miaka arubaini nimekereza vyuma, na mtutu ni kazi ya mkereza.

Mchoro nilioupenda zaidi ulikuwa wa bunduki iitwayo Zulu, ingawa Wazulu hawahusiki nayo. Ilianza kama bunduki ya jeshi la Ufaransa, ya kushindilia kwa mdomo. Miaka ya 1860 ikakatwa nyuma, ikatiwa kifuniko cha kufunguka ubavuni kama tabakelo ya ugoro, na Wafaransa wakaiita kwa jina hilohilo la tabakelo. Zilipokuja bunduki bora, mafundi wa Liège, Ubelgiji, waliikwangua misokoto ya ndani, ile mifereji ya kuzungusha risasi, mtutu ukawa laini kama bomba la maji. Ikauzwa rahisi kwa wakulima, Marekani na kwingineko. Haikurusha tena risasi moja inayozunguka. Ilimwaga marisaa, ikafaa kwa kanga na sungura. Lakini chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Mtutu ule ulikuwa wa baruti nyeusi tangu mwanzo, na sasa umekondeshwa; anayeutilia baruti ya kisasa anahatarisha vidole vyake na macho yake. Hilo nililiandika pembeni kwa wino mwekundu.

Mjukuu wangu aliugeuza mchoro huo kuwa tiara. Ilipaa vizuri. Sasa imenasa kwenye waya wa stima, nyuma ya msikiti.

Jumatano

Nilivuka feri kwenda Fort Jesus kuchora. Langoni nikakumbuka miwani nimeiacha karakanani. Nilichoweza kukiona sawasawa ni mzinga wa Königsberg, wa sentimita 10.5. Manowari hiyo ya Wajerumani iliishia Rufiji mwaka 1915. Mizinga ikatolewa majini, ikatengenezewa magurudumu, ikakokotwa kupigana nchi kavu. Nilikaa nao saa nzima. Silaha iliyobadilishwa kazi hunishika moyo, iwe kubwa iwe ndogo, kwa sababu fundi wa pili hatajwi popote.

Mvua ilinikuta njia ya kurudi. Daftari limelowa mpaka ukurasa wa 31.

Alhamisi

Nilianika daftari uani. Kuku wa jirani walipita juu yake.

Ijumaa

Baada ya swala nilikaa barazani na Ami. Babu yake aliishi Gazi zama za kiongozi Mbaruk bin Rashid.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na bunduki zako tena?"

Akanihesabia: bunduki ya mrao, ya gumegume, ya fataki, ya viasi. Kila moja imeitwa kwa namna inavyoshika moto. Nilikuwa namrekodi. Muuza kahawa aliteleza, kikombe kikamwagikia simu, ikazimika. Nimeandika hayo manne kwenye bahasha ya bili ya maji.

Nilimweleza habari ya Mkataba wa Brussels wa 2 Julai 1890. Ulizuia kuingiza Afrika bunduki zenye misokoto, kati ya latitudi ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Gumegume zenye mtutu laini zikaachiwa mlango. Miaka mitano baadaye Mbaruk alikuwa vitani na Waingereza, na Agosti 1895 ngome yake ya Mwele ikaangushwa. Kila nikiufikiria mkataba ule, hasira hunipanda. Kina cha mifereji ile hakizidi unene wa ukucha, nami najua inavyochimbwa. Wenye mkataba walikaa mezani wakaamua nani aruhusiwe kuwa nayo.

Ami alinyamaza kitambo. Kisha akasema liko jina la tano, ila limemponyoka.

Jumamosi

Alfajiri Ami amelikumbuka. Amemtuma kitukuu wake aniletee. Mtoto akapitia kwa mama wa mahamri, na alipofika kwangu alikuwa amelisahau. Anakumbuka tu kwamba linaanza na "ko". Nimempa kalamu na karatasi, nikamrudisha. Magharibi imeadhiniwa, hajafika.