Mrithi Asiyefanana na Mzazi
Shadowgun War Games ni gemu ya simu ya kufyatuliana risasi, iliyotolewa Februari 2020 na Madfinger Games, kampuni ya mji wa Brno katika Jamhuri ya Czech. Ilitanguliwa na Shadowgun Legends ya Machi 2018, iliyotokana na Shadowgun ya 2011. Jina la ukoo lilirithiwa. Tabia za mzazi zikaachwa njiani.

Legends ilipendwa kwa sababu haikuwa bunduki tupu. Mchezaji alimuumba mpiganaji wake, akampandisha daraja, akaokota silaha na deraya kwa kila kazi aliyoimaliza dhidi ya viumbe wavamizi, kisha akarudi mjini kutembea kwa maringo mbele ya wachezaji wenzake. Kazi nyingi zilikuwa fupi, na ufupi huo ndio uliowafaa watu wa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mkondo wa Kilindini una upana wa nusu kilomita hivi, na abiria wa miguu huvushwa bure kwa feri. Anayetoka Likoni kwenda kibaruani kisiwani aliweza kuanza kumwinda adui akiwa amesongwa kwenye foleni, akammaliza feri inapogusa gati la pili. Mara nyingine adui alikufa feri ikiwa bado haijang'oa nanga, lakini hilo halihusu gemu.

War Games iliyatupa hayo yote. Hadithi hakuna, mji hakuna, cha kuokota hakuna. Mashujaa wameumbwa tayari, kila mmoja na uwezo wake, kwa mtindo uliovuma na Overwatch ya 2016. Wachezaji 10 hugawanywa watano kwa watano, wakauana au wakanyang'anyana bendera. Picha zake ni safi, na kwa mpenda mashindano haina ubaya. Kwa aliyeizoea Legends, ni sawa na kualikwa pilau, kufika ukaandikwa mchango.

Kasoro iliyoleta zogo majumbani ni kwamba pambano la watano kwa watano haliachwi katikati. Hilo mama wa Mtopanga, Mombasa, halijui, wala hana sababu ya kulijua. Yuko jikoni, mbuzi ya kukunia iko tayari, anaita: "Wee mwanangu, nenda kaninunulie nazi mbili, na uangalie zilokomaa!" Jibu ni "Naja, mama," na macho hayatoki kwenye kioo. "Naja" ya kwanza hukubaliwa. Ya tatu hufuatwa na kandambili, nayo hailengi kama risasi za gemu, hii hupata. Wenzake wanne, ambao huenda wako Poland na Brazil, hubaki wakimshangaa shujaa aliyeganda ukutani. Hawana habari kwamba amekwenda dukani, na kwamba atakawia kwa kuwa nazi zimekwisha duka la karibu.

Kule Magongo, Changamwe, adui ni ukwaju. Kidole kilichotoka kwenye viazi karai huteleza juu ya kioo, shujaa akageuka mgongo bila kuamriwa, na bendera ikaenda.

La mtandao lina kejeli kubwa zaidi. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010, na PEACE ikatua 2022 huko Nyali, jirani kabisa wa Kisauni. Kijana wa Kisauni, kwa hivyo, hulala mlangoni mwa intaneti ya nchi nzima. Shida ni kwamba mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na seva ikiwa Ulaya, kwenda na kurudi hukaribia sehemu moja ya kumi ya sekunde, mbali na mnara wa simu uliozidiwa jioni watu wote wakiwa wamerudi makwao. Adui wa kompyuta katika Legends alikuwa na subira. Binadamu hana. Mchezaji hujiona keshajificha nyuma ya nguzo. Seva humwona angali uwanjani, na seva ndiyo kadhi. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, waliozoea kusingizia neti kila wanapopigwa walipata siku chache za kusema kweli.

Joto la Machi nalo halikusaidia: simu ikichezewa huku iko kwenye chaji huchemka, ikajipunguzia mwanga na kasi, mchezaji akapigana gizani huku bando likiyeyuka.

Waliochoka hawakukosa pa kwenda. Call of Duty: Mobile ilikuwa imetoka Oktoba 2019, na Free Fire, ya tangu 2017, iliendelea kukubali simu za bei nafuu. War Games ikafutwa kwenye simu nyingi bila kuagwa, na nafasi iliyobaki ikajaa video za harusi kutoka kundi la WhatsApp la ukoo, ambazo hakuna anayethubutu kuzifuta.